Semeni Aliyeionea Wivu Pole ya Mwavita

Paukwa!

Pakawa!

Nani ana masikio?

Sote tunayo!

Nani ana tumbo?

Sote tunalo!

Nani ana kijicho?

...

Ehe. Mbona kimya? Masikio mmekuja nayo, tumbo mmekuja nalo, kijicho ndicho mmekisahau nyumbani? Haya, kaeni vizuri. Ngano hii ni ya wenye kijicho. Ninyi wengine sikilizeni tu kwa niaba ya jirani zenu.

Hapo zamani, katika kijiji cha Kwandolwa, kando ya mto Lwembe, waliishi majirani wawili. Mmoja aliitwa Semeni, mwingine Mwavita. Nyumba zao zilikaribiana hata huyu akiunguza mboga, yule anajua ni mboga gani.

Semeni alikuwa na mume, mbuzi watatu, kinu cha mninga na vyungu saba. Mume mwenyewe siku hizo alikuwa ng'ambo ya mto kwa ndugu zake. Mwavita alikuwa mjane. Alikuwa na mama mkwe wake, bibi Kidawa, na kuku mmoja. Na kuku huyo alikuwa hatagi.

Basi mvua ikanyesha. Siku ya kwanza watu wakafurahi. Siku ya pili wakanyamaza. Siku ya tatu, alfajiri, mto ukatoka kwake ukaja kuwatembelea watu majumbani.

Semeni akapanda darini. Akaikumbatia boriti kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kuomba:

"Ee Mungu, nipitie mbali. Mara hii tu. Nikipona nitakuwa mtu mwema mpaka watu wanishangae."

Maji yakaja. Yakafika uani. Yakafika ukutani. Yakafika kizingitini, yakasimama pale kama mtu anayepiga hodi. Kisha yakageuka. Yakashika njia ya kushoto, na kushoto ndiko kwa Mwavita.

Kulipokucha sawasawa, nyumba ya Mwavita haikuwepo. Si ukuta, si paa, si hata shimo la nguzo. Mwavita mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kichuguu, amembeba mama mkwe mgongoni. Mama mkwe amembeba kuku.

Semeni alipoona kizingiti chake kikavu, alipiga magoti akalia. Akalia machozi ya kweli, ya shukrani. Akatoka mbio na matope yale, akawashusha wale wawili kichuguuni, akamfunika bibi Kidawa kwa nguo yake mwenyewe.

"Poleni! Poleni, jamani! Bibi, umeumia wapi?"

"Sijaumia, mjukuu wangu. Nimelowa tu mpaka kwenye mifupa."

Hapo Semeni alikuwa mtu mwema, tusimnyime haki yake. Wema ule ulidumu mpaka mchana.

Mchana watu wa Kwandolwa wakaanza kupita. Wa kwanza kupita alikuwa mke wa mhunzi, na chungu kipya kichwani.

"Unakipeleka wapi, shoga?" Semeni akauliza.

"Kwa Mwavita, maskini. Wewe Semeni, shukuru."

"Nashukuru," akajibu Semeni.

Siku ya pili akapita fundi mikeka, na mkeka wa rangi tatu begani.

"Unaupeleka wapi, kaka?"

"Kwa Mwavita. Hana hata pa kukalia. Wewe Semeni, shukuru."

"Haya," akajibu Semeni.

Siku ya tatu wakapita wanawake sita kwa mpigo, wamekunja kaniki mpya, nyeusi tii, bado inanukia duka. Na wanaimba! Wimbo mzima, kiitikio na vigelegele, jina la Mwavita ndani yake mara nne. Semeni alihesabu. Jina la Semeni alilitafuta, halimo.

"Mwenzetu, wewe shukuru!" wakamwambia, wakapita.

Semeni aliingia ndani, akaketi juu ya kinu chake kilichopinduliwa, akaanza kesi peke yake.

"Shukuru, shukuru. Shukuru inapikwa na nini? Kwani mimi sikuogopa? Mimi sikushika boriti mpaka kucha zikang'oka? Maji hayakunichungulia mimi? Yeye amepoteza nini? Kibanda kilichokuwa kinaegemea upande! Vyungu viwili vya ufa! Sasa ana kaniki mpya, ana mkeka wa rangi tatu, ana wimbo. Na mimi nina nini? Nina vyungu vile vile vya mwaka juzi!"

Naombeni mniangalie usoni, msitazame chini. Kuna hoja hapo au hakuna? Hoja ipo. Alitetemeka kweli, na hakuna aliyemuuliza, "Semeni, umelala?" Lakini mtu mwenye hoja nzuri ndiye wa kuogopwa, maana ataitumia kubomolea nyumba. Ngojeni mwone.

Kijicho kikamkaa. Akamwonea Mwavita wivu wa kaniki. Akamwonea wivu wa matope miguuni, maana kila aliyeyaona alisema "masikini". Akafika mahali akakionea wivu kikohozi cha bibi Kidawa. Bibi akikohoa mara moja, asali inaletwa! Semeni naye akasimama mlangoni, akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka mpita njia akageuka.

"Ni moshi huo," akasema mpita njia. "Fungua dirisha." Akaenda zake.

Mnauliza Mwavita na mkwewe walikuwa wanalala wapi? Mmeuliza vyema. Walikuwa wanalala chini ya ghala la jumbe, kati ya miguu ya ghala, pamoja na panya. Nyumba ya Semeni ina vyumba vitatu. Semeni hakuwaalika. Alijiambia, "Wana watu wengi wa kuwaalika wale."

Siku ya tano watu wakakubaliana kumjengea Mwavita nyumba kwa ujima, kijiji kizima, bila malipo, juu kidogo ambako mto haupandi. Nguzo zikasimama. Kabla fito hazijafungwa, mawingu yakarudi. Jumbe Mang'enya, mtu wa kupenda desturi kuliko chakula, akapiga ngoma.

"Kila mtu apande kwangu mlimani! Tukae huko mpaka mto utulie!"

Watu wakapanda. Semeni akasema, "Tangulieni, nafunga mbuzi, nawafuata."

Akabaki. Na mvua yenyewe ilikuwa ya rasharasha tu. Mto ulinguruma, ukarudi kulala. Semeni akausubiri mlangoni kama anayemsubiri mgeni aliyeahidi. Haukuja. Akaudhika.

"Na wewe pia," akauambia mto, "unachagua watu."

Basi akaamua kuyafanya ya mto kwa mikono yake. Akawachukua mbuzi watatu, akawapeleka nyuma ya kilima, kwenye pango la mawe ambako hakuna anayekwenda kwa sababu ya manyigu. Akawafunga kamba. Akarudi, akachukua vyungu saba, akavipanga pangoni mdomo chini. Akarudi, akakibingirisha kile kinu. Kisha akaushika mpini wa jembe, akaubomoa ukuta wa jiko lake mwenyewe. Akasomba matope kwa karai, akayamwaga chumbani, akayapaka ukutani mpaka usawa wa kiuno. Akajipaka na yeye. Akajitazama ndani ya mtungi wa maji, akaona mtu wa kuhurumiwa. Akaridhika.

Watu waliposhuka wakamkuta amekaa juu ya kifusi.

"Yamenipiga!" akalia. "Yamekuja mlipoondoka! Mbuzi wangu! Vyungu vyangu! Kinu changu cha mninga!"

Wakamzunguka.

"Pole, Semeni," akasema mke wa mhunzi. Pole hiyo ilikuwa tamu.

"Pole sana, dada," akasema fundi mikeka. Hiyo nayo tamu.

Akaja Mwavita, na ile kaniki mpya. Akaivua, akamfunga Semeni mabegani.

"Pole, jirani. Njoo ulale kwetu, chini ya ghala. Tutabanana."

Hiyo ya tatu ikamkwama kooni. Akaimeza kwa shida. Lakini aliimeza.

Sasa lazima niwaambie desturi moja ya Kwandolwa, maana msipoijua hamtauona mtego. Kule kila mafuriko yalipopita, watu walikuwa wakipigana: huu ungo wangu, huyu kuku wangu, umemwokota wapi, mwizi wewe. Mwaka mmoja ndugu wawili walitoana meno kwa ajili ya mwiko. Wazee wakakata shauri: kilichochukuliwa na maji kinaitwa cha maji. Si chako tena. Akikiokota mtu, ni chake. Hukidai, hukiombi, hata ukikiona kichwani mwake unampisha njia na kumsalimu.

Semeni aliijua desturi hiyo tangu anyonye. Lakini kijicho kilikuwa kimejaa kichwani, desturi ikakosa pa kukaa.

Fito zote za karibu zilikuwa zimesombwa na mafuriko ya kwanza. Kwa hiyo kesho yake Mwavita akachukua panga, akazunguka kilima kutafuta fito za nyumba yake. Akaenda mbali. Akakata mzigo mmoja. Akasikia *meee*. Akasimama. Akasikia tena *meee*, sauti kavu ya mnyama mwenye kiu.

Jioni hiyo, jua bado lipo, watu walikuwa wamekusanyika kwa jumbe kupanga kazi ya kesho. Semeni alikuwa amekaa katikati yao, kwenye ule mkeka wa rangi tatu, anakunywa uji wa watu. Wanawake walikuwa wanamtungia wimbo. Jina lake lilikuwa limeshaingia mara mbili.

Ndipo Mwavita akatokea. Kichwani vyungu vinne vimetiana. Mgongoni mzigo wa fito. Mkononi kamba, na nyuma ya kamba mbuzi watatu. Nyuma ya mbuzi mhunzi, aliyeitwa amsaidie mzigo, anahema, amebeba kinu.

Bakuli la uji likamtoka Semeni mkononi.

"Jumbe," akasema Mwavita, "nimeokota vitu. Vyungu vingine vitatu nimeviacha, kichwa hakikutosha."

"Umeviokota wapi?" akauliza jumbe.

Mwavita akamtazama Semeni. Semeni akalitazama bakuli.

"Mahali vilipoachwa," akasema Mwavita.

Bibi Kidawa akawasogelea mbuzi, akaishika ile kamba, akaligeuzageuza fundo karibu na macho yake mabovu. "Maji ya mwaka huu," akasema, "yamejifunza kufunga mbuzi."

Wachache wakacheka, hawakujua wanacheka nini. Jumbe akanyoosha mkono.

"Kimya! Desturi! Semeni binti Mavura, hivi ni vitu vyako?"

Haya. Ninyi mngejibu nini? Akisema ni vyangu na havikuchukuliwa na maji, amejianika. Akisema ni vyangu lakini vilichukuliwa, ni cha maji, vimekwenda. Akisema si vyangu, vimekwenda pia. Milango mitatu, na kila mlango umekaliwa na manyigu.

"Vinafanana," akasema Semeni.

"Vifanane au visifanane, ni cha maji," akasema jumbe, anafurahia kila neno. "Mbuzi watatu, kinu, vyungu saba: mali ya Mwavita!"

Watu wakapiga vigelegele. Hapo sasa ndipo Semeni alipokionja kijicho mpaka chini ya chungu. Mbuzi aliowazalisha mwenyewe! Kinu alichopewa na mama yake! Mwavita tena! Mwavita ndiye mwenye nyumba inayokuja, mwenye mkeka, mwenye kaniki, na sasa ndiye mwenye Semeni mzima mzima! Macho yalimwaka. Angeweza kumrukia.

Mwavita hakupiga kigelegele. Alivitua vile vyungu chini, kimoja kimoja.

"Jumbe, siku ile ya mafuriko mimi nilipona. Mkwe wangu alipona. Tangu siku hiyo nakula vya watu, na sikuwa na kitu cha kutoa kwa shukrani. Kushukuru kwa mdomo mtupu kulikuwa kunaniuma. Leo nina kitu. Nakitoa chote kwa jirani yangu aliyepigwa na maji. Semeni, pokea."

Akamshikisha kamba mkononi. Na alipoinama kumshikisha, akasema polepole, kwa sikio lake tu:

"Ulitetemeka sana kule darini. Nilikusikia ukiomba. Ilinipasa nije nikuulize kama umelala, sikuja. Ungeniambia, jirani. Ningekupa pole bila kubomoa jiko."

Semeni akafungua mdomo. Watu wote wanasubiri aseme asante. Asante kwa nani? Kwa mbuzi wake! Mbele ya kijiji! Hilo neno lilitoka kama mfupa wa samaki.

"A... asante."

"Vizuri kabisa!" akasema jumbe. "Sasa kazi ya kesho. Desturi ni kwamba aliyepigwa mwisho ndiye wa kwanza kujengewa, maana jeraha lake bado bichi. Kwa hiyo kesho wote tunakwenda kwa Semeni. Fito za Mwavita zipelekwe kwa Semeni. Nyumba ya Mwavita itangoja mwezi ujao."

Watu wakaguna, lakini desturi ni desturi. Juu ya kilima mawingu yalikuwa yanajikusanya tena, mazito kama makalio ya tembo. Bibi Kidawa akakohoa. Safari hii asali haikuja, ilikuwa imekwisha. Akakohoa mpaka akajikunja.

"Sawa, jumbe," akasema Mwavita. Akapiga goti, akaanza kuufungua mzigo wake wa fito.

Semeni alikuwa amepata kila alichokitaka. Ana pole za kijiji kizima. Ana wimbo. Ana mbuzi, ana vyungu, na kesho anaanza kujengewa yeye. Mwavita hana kitu, hata fito. Hiyo si ndiyo sherehe ya kijicho? Basi afurahi! Kwa nini hafurahi?

Alikuwa anaitazama mikono ya Mwavita. Ilikuwa imevimba. Nyigu walikuwa wameiuma, huku na huku, kila kidole kama ndizi. Na vidole hivyo vinahangaika na fundo, ili fito zikajenge jiko ambalo Semeni amelibomoa kwa jembe.

"Usifungue," akasema Semeni.

"Nini?"

"Usifungue!" Akasimama. Akageuka kwa watu. "Maji hayakunifika."

Jumbe akatega sikio. "Rudia?"

"Hayakunifika! Mara ya kwanza yaligeuka mlangoni, mara ya pili hayakuja kabisa. Jiko nimelibomoa mimi. Mbuzi nimewafunga mimi, na manyigu waliomuuma Mwavita ni wa pango langu. Mlinipita na vyungu vyenu, mlinipita na nyimbo zenu, nikaona wivu. Hata kikohozi cha bibi nilikionea wivu!"

Kelele zikalipuka.

"Mshenzi mkubwa! Uji wetu!"

"Toa mkeka wangu!"

"Na wimbo tuliokutungia je?"

Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Mwingine akamtemea mate miguuni. Jumbe Mang'enya alikuwa anakuna kichwa, anatafuta desturi ya mtu aliyejifurikia mwenyewe, haioni.

"Adhabu itafuteni," akasema Semeni, "mimi nitaipokea nikitoka kazini. Mvua ile pale. Fito ni za Mwavita, zikafungwe kwa Mwavita, kesho asubuhi, na leo bibi Kidawa analala kwangu. Vyumba viwili havina matope."

"Na hicho kinu?" akauliza bibi Kidawa.

"Bibi, Mwavita amenirudishia..."

"Mwavita ana moyo. Mimi nina njaa. Kinu kinabaki kwangu mpaka kikohozi kipone, na kikohozi chenyewe si cha kupona leo wala kesho."

Watu wakacheka tena, safari hii wote wakijua wanacheka nini. Semeni akakibeba kinu cha mama yake mpaka pale ambapo jiko la Mwavita lingesimama, akakitua.

Asubuhi wakajenga. Wanaume wakafunga fito, wanawake wakakandika. Semeni akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kukanyaga udongo kwa miguu, peke yake, shimo zima. Hakuna aliyemwambia pole. Mwavita tu, akipita na ndoo, vidole vimefungwa majani, alimwambia, "Jirani, umelala?"

"Sikulala," akasema Semeni. "Bibi anakoroma."

"Si nilikwambia tubanane kule ghalani! Ungekuwa umeshamzoea."

Ilipofika mchana wakaanza kupima baraza. Mhunzi akatembea hatua akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Semeni aliacha kukanyaga. Baraza la Semeni lina hatua nne. Akazitazama zile hatua sita. Mle moyoni kile kijicho kikajigeuza, kikafumbua jicho moja.

"Udongo utatosha?" mhunzi akauliza. "Au tupunguze?"

Kila mtu alikuwa anamtazama yeye, maana udongo uko miguuni mwake.

"Msipunguze," akasema Semeni. Akateka maji, akamwaga shimoni, akaendelea kukanyaga.

Ngano yangu imekauka, ipakeni chokaa. Palipo na ufa ni pangu, palipo na uzuri kaeni. Nimeshuka, apande mwingine.